Kati ya Kutazama na Kuandika

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wako ameposwa! Ameposwa, Fundi, tena wameleta posa watu wazima saba wenye viatu vilivyopigwa rangi, wakajaa sebuleni mpaka viti vikaisha, mmoja wao akakalishwa kwenye kile kiti cha saluni cha kuzunguka. Kila akicheka anageukia ukutani. Mimi nimejizuia mpaka mbavu zikauma.

Haya, sasa nikusalimie. Hujambo mwanangu? Unakula? Mimi sijambo, ni miguu tu, kusimama kutwa juu ya vichwa vya watu si mchezo. Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumba hii ina masikio kumi. Nikisema "alo" tu, wateja wanatoa vichwa kwenye draya ili wasikie.

Bwana harusi ni mpima ardhi. Ana kile kidude chake cha miguu mitatu anachochungulia barabarani. Kijana mtaratibu, haongei ovyo. Mama yake ndiye anayeongea. Nikamwambia, "Binti yangu mkubwa anatengeneza kompyuta kwa ndani, siyo huko nje mnakopanguza vumbi." Akaniuliza, "Anatengeneza nini hasa?" Nikasema, "Mambo ya ndani kabisa." Akasema, "Ya ndani kama yapi?" Nikajifanya nimeitwa jikoni. Sasa nakuomba, niandikie vizuri kazi yako ni ipi, kwa maneno ya mtu aliyeishia darasa la saba, ili siku nyingine nisikimbilie jikoni. Mwalimu mkuu mstaafu, yule ninayemsuka kila Alhamisi, anasema katika miaka thelathini na mbili ya chaki hajaona kichwa kama chako. Nilimjibu kwamba na mimi katika miaka ishirini ya kitana sijaona.

Harusi ni mwezi wa saba. Orodha ya waalikwa ninayo hapa, watu mia mbili na kumi. Shangazi yako hayumo. Najua utauliza, kwa hiyo nakujibu kabisa. Baada ya mazishi ya baba yako wewe ulikuwa umesharudi kazini, hukuwepo kwenye kikao. Baba zako wadogo wote watatu walikaa hapa wakasema ni dada yao aliyempa marehemu dawa ya moyo mara mbili asubuhi moja. Daktari alisema dawa imezidi mwilini. Daftari la dawa lilikuwa na mwandiko wake. Mimi walivyoniuliza nikasema sikumpa. Basi, ikaisha hivyo. Huu ni mwezi wa nane hajakanyaga kizingiti cha nyumba ya kaka yake.

Mdogo wako anakusalimu, yeye siku hizi anatembea kama anayebeba yai.

Mimi mama yako,
Mama Fundi


Tarehe 11 Aprili

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, nikasikia kama nimekaa kwenye benchi pale saluni. Mwambie mdogo wangu nimefurahi mpaka nimemwambia mlinzi wa getini, ambaye hatujawahi kusemeshana zaidi ya habari za asubuhi.

Kuhusu kazi yangu, mwambie mkwe hivi. Kila kompyuta ina kiini chake. Mtu hakioni, lakini ndicho kinachogawa: nani atumie nini, kwa zamu gani. Ndani ya kiini kuna watendaji wengi wanaofanya kazi kwa wakati mmoja, sisi tunaita nyuzi. Usifikirie uzi wa kusukia! Fikiria wasusi wawili katika saluni moja ambao hawasemeshani wala hawaonani, na wote wana haraka. Kiti ni kimoja. Wa kwanza anatazama kiti, kitupu, anatoka kumwita mteja wake. Kabla hajarudi, wa pili anatazama kiti, bado ni kitupu, naye anamwita wake. Wateja wawili wanakuja kukalia kiti kimoja. Kila msusi ana haki ya kuapa kwamba alitazama kwanza, na kila mmoja anasema kweli.

Kwetu kiti ni sehemu ndogo ya kumbukumbu ya mashine. Nyuzi mbili zikiandika hapo kwa pamoja, mashine inaganda. Kosa la namna hiyo tunaliita mbio. Kiini chetu kinaendesha pampu za maji za miji mikubwa, kwa hiyo kikiganda watu wanafungua bomba wanakuta hewa. Na ni kosa baya kulitafuta. Linatokea mara moja katika mara milioni nyingi, halafu ukiweka kitu cha kulichunguza linajificha, maana kuchunguza kwenyewe kunamchelewesha msusi mmoja, wakapishana salama. Nina miezi mitano nalo.

Kuna jambo jingine, Mama, ambalo sijamwambia mtu. Nina mwenzangu tunamwita Mpole. Kila mashine ilipoganda, mstari wa mwisho kuandikwa ulikuwa umetoka kwenye sehemu aliyoitengeneza yeye. Nikaandika ripoti kwamba kosa ni lake, nikaisoma kwenye mkutano mbele ya watu kumi na wawili. Akaondolewa kwenye kazi ile. Hakubisha, alikusanya vitu vyake akahamia chumba cha chini. Wiki iliyopita mashine imeganda tena, na sehemu ya Mpole tulishaitoa yote. Hakuwa yeye. Yeye alikuwa tu wa mwisho kuonekana.

Kuhusu Shangazi, Mama, naomba unisamehe, lakini sielewi. Yeye ndiye aliyenilea miaka miwili wakati unajifunza ususi. Mtu wa kuandika kila kitu kwenye karatasi, hata foleni ya duka anaihesabu. Ampe mtu dawa, aandike, halafu ampe tena? Nimemwandikia leo. Nimetumia anwani aliyomwachia mdogo wangu.

Mwanao,
Fundi


Tarehe 20 Aprili

Fundi mwanangu,

Marahaba. Nimewatangazia wote! Mwalimu mkuu nimemweleza habari ya wasusi wawili na kiti kimoja akatikisa kichwa mpaka nikamwambia atulie nisije nikamkata sikio. Mama mkwe wa mdogo wako nimempa yote, kiini, nyuzi, pampu, akaniuliza, "Kwa hiyo anakimbia?" maana nilishasema habari ya mbio. Nikamwambia anakimbia na anashinda. Sasa huko kwao wanajua una medali. Wewe ukija usikatae.

Lakini la shangazi yako nilikuomba usiulize. Nilikuambia ilivyokuwa. Watu wazima walikaa wakaamua, mimi mjane ningesema nini mbele yao? Kumwalika sasa ni kuwaambia shemeji zangu walikosea, na ndio watakaomsindikiza mdogo wako. Harusi iharibike? Mwache apumzike huko aliko. Nasikia chumba chake ni kizuri.

Rangi ya magauni tumechagua ile ya kijani kama jani la mgomba bichi. Vitambaa vimefika, ni vizito kidogo.

Nilitaka kukuuliza kitu, kwa ajili ya mwalimu mkuu, ndiye aliyeuliza. Hao wasusi wawili. Mwenye kosa ni yule aliyetazama kwanza akaondoka kabla hajaandika kwamba kiti ni chake, au ni yule aliyekuja akaandika? Na yule wa kwanza akirudi akaona mwenzake ameshaandika, anatakiwa afanye nini?

Mwalimu anasubiri jibu.

Na huyo Mpole, ulishamwambia?

Mama yako


Tarehe 29 Aprili

Mwanangu Fundi,

Nimepokea barua yako, mimi shangazi yako. Sikutegemea barua, kwa hiyo niliiweka mezani nikaitazama nusu siku kwanza.

Nakaa nyuma ya karakana ya mafundi makochi. Mchana kuna nyundo, na sufi inaingia kila mahali, hata kwenye chai. Nimezoea. Wananiita Bi Karani kwa sababu ninawaandikia oda zao, wao wakiandika wanachanganya miguu na mito.

Umeniuliza nikueleze asubuhi ile kama ilivyokuwa, bila kuongeza. Nilifika saa moja na nusu. Nilipitia mlango wa uani kwa sababu mbele saluni ilishafunguliwa. Kaka alikuwa ameamka, amechoka, amefumba macho. Nilitazama daftari kwenye msumari wake. Mstari wa siku ile ulikuwa mtupu. Nikapima kijiko kimoja, nikampa, akameza. Nikaandika saa, nikaweka alama ya vema, nikaweka saini yangu. Ndivyo nilivyofanya kila nilipokuja.

Hayo nilikuwa na uhakika nayo wakati ule. Sasa sina. Ndugu zangu watatu walikaa mbele yangu wakasema nilimpa mara mbili, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumpa. Wifi yangu hakunitazama usoni. Niliporudi nyumbani nikawa naikumbuka asubuhi ile kila siku, na kadiri ninavyoikumbuka naona mkono wangu unarudi kwenye chupa. Sijui kama nimeuona kweli au nimefundishwa kuuona. Nina miaka sitini na nne. Inawezekana nimemuua kaka yangu kwa kusahau, mwanangu. Naishi na hilo.

Usigombane na mama yako. Mdogo wako mpe zawadi, nimeifunga humu, ni leso mbili tu. Usiseme zimetoka kwangu.

Shangazi yako


Tarehe 8 Mei

Shikamoo Mama,

Kwanza kazi. Nimelikamata. Nilichoka kulivizia, nikaamua kulitengenezea nafasi. Nilikwenda mahali nilipopashuku, kati ya mstari unaotazama kama nafasi ni tupu na mstari unaoandika "imechukuliwa," nikaweka hapo katikati agizo la kusinzia kidogo. Kitu ambacho kilitokea mara moja kwa mwezi kikaanza kutokea kila baada ya dakika mbili. Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye kutazama wala kwenye kuandika. Lilikuwa kwenye ule upenyo wa katikati.

Dawa yake ni kufuli. Mara ya kwanza nililiweka vibaya. Nilifunga kwenye kuandika tu. Mkuu wetu akanirudishia kazi na maneno matatu: "Kufuli lako limechelewa." Kweli, maana kama umeshatazama nje ya kufuli, unaandika kitu ulichokiona zamani. Inatakiwa uchukue ufunguo kabla hujatazama, utazame, uandike, ndipo uuachie. Mwingine akija anasubiri. Nimerekebisha, mashine zimekwenda siku tisa bila kuganda.

Sasa jibu la mwalimu mkuu. Mwambie, katika wasusi wale hakuna mwenye kosa. Mwenye kosa ni aliyepanga saluni.

Na daftari la dawa za Baba nililipanga mimi. Unakumbuka? Nilikuja likizo nikatundika msumari, nikapiga mistari kwa rula, nikawaambia, "Ukifika tazama kwanza, ukishampa andika." Mlinisifu. Mama, mimi ndiye ninayelipwa kwa kujua kwamba mpango huo una upenyo katikati, na sikuuona kwa sababu mlikuwa watu, hamkuwa mashine.

Shangazi amenijibu. Anasema alitazama, palikuwa patupu, alimpa kijiko kimoja, akaandika. Halafu anasema siku hizi hajiamini tena, ameanza kuona mkono wake ukirudi kwenye chupa. Ameanza kukumbuka kitu ambacho hakukifanya. Niliposoma hapo nililazimika kutoka nje ya ofisi.

Mpole nilimwambia, ndiyo. Nilishuka chumba cha chini nikamwambia peke yake, akanisikiliza, akasema, "Asante, lakini ripoti hukuisoma humu." Basi Jumatatu nikasimama mbele ya watu wale wale kumi na wawili nikasoma ripoti nyingine, nikataja jina lake na jina langu. Hakunipa mkono. Amerudi kwenye meza yake, anafanya kazi.

Swali la pili la mwalimu, kuhusu yule wa kwanza anayerudi akakuta mwenzake ameshaandika, sina jibu la kikompyuta. Uzi hauwezi kunyamaza. Mtu anaweza.

Nina swali moja, nalo siulizi kwa hasira. Asubuhi ile saluni ilifunguliwa mapema. Mteja alikuwa nani?

Mwanao,
Fundi


Tarehe 19 Mei

Fundi,

Mteja alikuwa mwalimu mkuu. Alikuwa na safari, akaniomba nifungue saa moja.

Hakuwahi kuniuliza lolote kuhusu wasusi. Hilo umeshalijua, wewe si mtoto wa kudanganywa na mama yako.

Nilimweka chini ya draya, nikaingia ndani kumpa baba yako dawa. Kijiko kimoja. Alisema ni chungu, nikamwambia, "Meza, bwana harusi," ndivyo nilivyomtania siku zote. Nikafunga chupa, nikanyoosha mkono nichukue daftari, ndipo mwalimu akapiga kelele kule mbele, "Mama Fundi, naungua!" Nikakimbia na kijiko mkononi. Draya ilikuwa imekwama kwenye moto mkali, sikio lake limekuwa jekundu. Nikachomoa waya, nikampaka mafuta, nikamwomba radhi. Dakika kumi hivi. Niliporudi chumbani, wifi yangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda amemshika kaka yake mkono, na kwenye daftari palikuwa na alama ya vema ambayo wino wake haujakauka.

Nilijua hapo hapo. Sikusema. Nilisema moyoni, kijiko kimoja cha ziada kitamfanya nini, ngoja nione. Saa tano akaanza kutapika. Hospitali daktari akauliza nani amempa, wifi akasema, "Mimi," akanitazama nami nikatazama sakafu. Kesho yake akafa, na kila siku iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko ya jana yake kusema. Kwenye kikao shemeji yangu mkubwa akaniuliza, "Shemeji, wewe ulimpa?" Nikasema sikumpa. Neno moja tu. Nilidhani watasema ni mapenzi ya Mungu waondoke. Sikudhani watamgeukia dada yao. Walipomgeukia, nilikuwa nimeshasema.

Umeniandikia kwamba kijiko hakikuwa kosa la mtu. Nimesoma pale mara nyingi, nimelia, asante. Na tena usijibebeshe habari ya daftari, ulikuja likizo ukatuhangaikia. Lakini uliyoandika chini yake, ya wifi na ule mkono wake kwenye chupa, ndiyo yaliyonitoa nyumbani.

Jana nilikwenda kwenye karakana ya makochi. Nimejisifu mtaani miaka yote hii, mwanangu fundi, mwanangu hivi, lakini kutoka kwenye geti lile mpaka mlango wa wifi yangu sikuwa na hata neno la kuazima. Nilimkuta anaandika oda. Hakusimama. Akasema, "Kaa, toa hiyo mito." Nikamweleza kama nilivyokueleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo mimi nilimpa mara moja?"

"Mara moja, wifi."

"Sema tena."

"Ulimpa mara moja. Ulitazama, palikuwa patupu, ukampa mara moja."

Akaweka kalamu chini. Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza juu na chini kama anautafutia alama. Kisha akalia, Fundi, mpaka mafundi wakaacha nyundo. Nilitaka kumshika, akasema, "Usiniguse kwanza." Nikakaa tu. Baadaye akasema, "Miezi minane nimekuwa muuaji, wewe unasuka watu." Nikamwomba radhi, akasema radhi tutaizungumza siku nyingine, yeye sasa hivi anataka kitu kimoja tu. Akasema, "Uyaseme mbele yao. Wale wale. Mimi nikiwepo."

Mdogo wako nimemwambia jioni, alikuwa anakunja nguo. Akalikunja shati lile lile mara tatu. Halafu akasema, "Mama, kama wakwe wataondoka kwa hili, waondoke." Sijui mtoto huyu ameupata wapi moyo huo. Siringi leo, nakuambia tu.

Shemeji zangu nimewaandikia barua tatu, kila mmoja na yake, na sikueleza jambo, nimesema tu waje. Mpima ardhi na mama yake nao nimewaita, wajue wanaoa nyumba gani. Mwalimu mkuu atakuja kueleza habari ya draya. Yule aliyekuwa anaweka kumbukumbu za kikao nimemwambia alete lile lile daftari la kikao, afungue ukurasa ule, aandike tena chini yake. Saluni nitaifunga. Wewe omba ruhusa kazini uje, nataka ukae karibu yangu, na wifi akae mahali anapopataka mwenyewe.

Ni Jumamosi, tarehe 31 Mei, saa nne kamili asubuhi, hapa sebuleni. Waje wote.

Mama yako